Mdakaji wa Kumwekea Vernon

Hebu mwone kwanza akiingia. Ni saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, na mlango wa chumba cha madereva unasukumwa kwa kiwiko kwa sababu mikono yote miwili imejaa. Mkono mmoja una chupa ya kahawa, mwingine una sahani ya keki ya rubabu, yale mashina mekundu machachu, iliyofunikwa kwa foili, na funguo za basi namba sita kaziuma kwa meno kama mbwa aliyeokota kiatu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mabega mapana, nywele kazikata mwenyewe jikoni. Anaiweka keki mezani, anatundika funguo ukutani, anavuta kiti, na kabla hata hajamimina kahawa anauliza swali analouliza kila siku ya Mungu tangu Aprili mpaka mwisho wa Septemba.

“Upepo wa Chicago leo unaelekea wapi?”

“Unatoka ndani ya uwanja kwenda nje,” anajibu Jolene Pruitt, msimamizi wa yadi ya mabasi, bila kuinua macho kwenye karatasi zake. “Na habari za asubuhi na wewe pia, Marlys.”

Huyo ndiye Marlys Brandvold, dereva wa basi la shule katika mji wa Bexley Grove, jimbo la Iowa, kwa miaka ishirini na miwili sasa. Wanafunzi keshawashusha. Hawatahitaji kurudishwa makwao mpaka saa nane na robo mchana. Katikati hapo kuna saa tano za kukaa, na dereva wa basi la shule lazima atafute la kufanya na saa hizo tano au ataota mizizi. Wako wanaosuka sweta. Wako wanaorudi kulala. Marlys hupanga kikosi.

Wewe unayepanga timu ya kandanda kwenye simu yako kila wiki utanielewa upesi. Hapa ni besiboli, na besiboli huchezwa karibu kila siku, kwa hiyo kikosi hupangwa upya kila siku. Unapewa dola elfu hamsini za kwenye simu, zisizonunua hata mkate, na kila mchezaji wa ligi ana bei yake. Unachagua warushaji wawili, wapigaji saba, na mdakaji mmoja, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni. Wakifanya vizuri uwanjani, unapata pointi. Mechi ya kwanza ikianza mlango unafungwa, na uliyempanga ndiye uliyempanga.

Marlys ana njia yake. Yale majedwali ya utabiri ambayo vijana wanayasoma hayagusi. Yeye huanza na upepo, kwa sababu miaka ishirini na miwili ya kuendesha sanduku refu la njano kwenye barabara wazi za mashamba imemfundisha upepo kuliko mtu wa hali ya hewa. Kisha anatazama mrushaji wa upande wa pili anarusha kwa mkono gani. Kisha anamsikiliza Duane.

Duane ni mumewe. Alikuwa fundi wa matrekta mpaka magoti yalipomkatalia, na sasa hushinda kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni akisikiliza mechi kwenye redio, tatu nne kwa siku, akiandika nyuma ya bahasha. Haandiki matokeo. Anaandika yale ambayo watangazaji huyasema wakiwa wanajaza muda: fulani kashika nyonga alipokimbia, fulani mkewe kajifungua, fulani kocha wake hamtazami siku hizi. Asubuhi bahasha hupanda basi pamoja na Marlys. Siku zake za kushinda katika chumba kile ni nyingi, na ukimuuliza siri atakwambia kila mtu ana kompyuta lakini ni yeye peke yake mwenye Duane.

Sasa mpinzani wake. Vernon Tesch, mrefu, masharubu meupe, mcheshi asiye na breki. Yeye hupanga kikosi kwa majina makubwa. Mchezaji akiwa ghali, Vernon anamtaka. Zinazobaki anazitawanya kwa watu anaowapenda majina tu.

“Vernon,” Marlys humwambia, “huyu uliyemweka amekosa mipira yote tangu Jumapili.”

“Ndiyo maana leo atapiga. Mtu hawezi kukosa milele, mama.”

“Wewe umekosa milele.”

“Mimi najiandaa.”

Hawa wawili waliajiriwa siku moja. Tarehe moja, asubuhi moja, wakaapishwa na bodi ya shule wakiwa wamesimama bega kwa bega, Vernon akinong’ona utani mpaka Marlys akacheka katikati ya kiapo. Kwa miaka ishirini na miwili tarehe hiyo haikuwa na maana yoyote. Mwezi wa Mei mwaka huu ikawa na maana, kwa sababu Lloyd Amdahl alitangaza kustaafu na kuiacha njia ya kumi na nne.

Njia ya kumi na nne ndiyo njia ambayo kila dereva wa yadi ile huiwazia akikwama nyuma ya gari la taka mjini. Inatoka shamba hadi shamba upande wa magharibi, inapita kwenye bwawa, ina watoto kumi na tisa tu, na wote husema asante wakishuka. Na kwa sababu iko mbali, dereva wake haruhusiwi tu bali huombwa alilaze basi nyumbani kwake. Nyumba ya Marlys na Duane iko kwenye njia hiyo hiyo, maili mbili baada ya kituo cha mwisho.

Kwa Vernon, njia hiyo ilikuwa bwawa. Angeweka fimbo ya kuvulia nyuma ya kiti na saa tano zile za katikati angezitumia kama mtu mstaarabu. Kwa Marlys ilikuwa jambo jingine, na hakulisema kwa mtu. Kwa miaka ishirini na miwili aliondoka nyumbani gizani na Duane akanywa kahawa yake peke yake. Zamani haikuwa kitu, Duane naye alikuwa na kazi. Sasa alikuwa anakaa pale dirishani kuanzia alfajiri, akiisubiri saa kumi na moja jioni, na hakuwahi kulalamika hata siku moja, jambo lililomuuma Marlys kuliko kama angelalamika. Njia ya kumi na nne ingemrudisha nyumbani saa mbili na dakika kumi asubuhi. Wangekula pamoja. Wangesikiliza mechi za mchana pamoja. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani mwaka huu, na alilitaka sana.

Kwenye yadi njia hugawiwa kwa ukongwe. Aliyeajiriwa mapema huchagua mapema. Jolene alifungua mafaili mawili juu ya meza, akatazama tarehe, akatazama tena, akavua miwani.

“Nitarusha sarafu,” akasema.

“Sarafu inajua nini?” Vernon akauliza.

“Haijui kitu. Ndiyo uzuri wake.”

“Miaka ishirini na miwili ya kufuta matapishi ya watoto, halafu niamuliwe na robo dola? Hapana bwana. Alhamisi kuna mechi nyingi za mchana. Mimi na huyu bibi tupange vikosi. Mwenye pointi nyingi anachukua njia.”

Jolene alimgeukia Marlys. Marlys alikuwa akiitazama keki, akipiga hesabu. Alijua kwamba katika siku kumi za mchezo ule yeye humshinda Vernon saba. Sarafu isingempa saba.

“Mimi sina neno,” akasema taratibu.

“Nyie wawili mna wazimu,” Jolene akasema. “Lakini mkiniandikia na kutia sahihi, nitauweka huo wazimu kwenye faili.”

Wakaandika. Wakatia sahihi.

Alhamisi ikafika, siku ya supu nzito ya nyama na maharage na mkate wa mdalasini shuleni, na harufu yake ilikuwa imevuka uwanja mpaka chumba cha madereva. Yadi ina desturi yake: saa nne na nusu kila mmoja husoma kikosi chake kwa sauti, na Jolene huandika ubaoni kando ya funguo. Desturi hiyo ilianza baada ya dereva mmoja, zamani, kudai kila jioni kwamba alikuwa amempanga mtu ambaye hakumpanga. Ukishasoma bado unaweza kubadilisha mpaka saa sita na dakika tano, mechi ya kwanza inapoanza.

Marlys alisoma wa kwanza. Warushaji wawili wa bei, kwa sababu Duane alisikia kwamba wapigaji wa upande wa pili walitua na ndege alfajiri. Wapigaji wanne wa timu moja, mmoja nyuma ya mwingine, ili mmoja akifika kwenye kituo cha kukimbilia uwanjani, mwingine apige mpira amsogeze mbele. Hela zikawa zimemwishia alipofika kwa mdakaji. Aliyemtaka hasa alikuwa Ezequiel Montaño wa Chicago, mtu mwenye mikono kama milango, na upepo ule wa Chicago ulikuwa unaita mpira utoke nje ya uwanja. Lakini Montaño alikuwa dola elfu tano na mia moja, naye Marlys alibakiwa na elfu tatu na mia mbili. Akamweka Tripp Dellinger wa Milwaukee. Si mbaya, Dellinger. Mtu wa kukupa kidogo asikuaibishe.

Vernon akasimama, akajikohoza kama mchungaji.

“Mdakaji: Kendall Rourke, wa St. Louis. Elfu tano na mia sita. Andika kwa herufi kubwa, Jolene.”

Marlys akainama kwenye kikombe chake ili uso usionekane.

Na hapa, msomaji wangu, nikuambie kosa la Vernon lilikuwa nini. Mdakaji ni mtu anayechuchumaa na kuinuka mara mia na hamsini katika mechi moja. Akicheza usiku, mchana unaofuata hupumzishwa, hata awe bingwa namna gani. Jana yake St. Louis walikuwa wamecheza usiku kwa karibu saa tano, mechi isiyotaka kwisha. Nyuma ya bahasha Duane alikuwa ameandika maneno matatu: *Rourke, magoti, hachezi.* Duane na magoti hawahitaji kuelezana. Vernon alikuwa amelala saa tatu usiku baada ya kukaanga samaki.

Marlys hakusema kitu, na hakuona ubaya wowote wa kutosema. Kuwinda kosa la mwenzako ndio mchezo wenyewe. Majina ya watakaoanza hutangazwa na timu saa moja au mbili kabla ya mechi. Vernon angeyaona, angeguna, angebadilisha. Asipoyaona, shauri yake.

Lakini saa tano na dakika tano simu ya Jolene ikalia. Dereva wa watoto wa chekechea, wale wanaorudi makwao adhuhuri, alikuwa anaumwa tumbo. Jolene akatazama orodha ya zamu.

“Marlys, zamu yako. Eh, hapana. Sita iko juu ya jeki, inabadilishwa oili.”

“Nitachukua basi jingine,” Marlys akasema, akianza kuinuka.

“Kaa,” Vernon akamwambia, na tayari alikuwa ameshika funguo za basi lake, namba tisa. “Kula keki yako. Wale wadogo wananipenda mimi. Mmoja aliniambia nafanana na mbuzi wa babu yake.”

Akatoka. Simu yake, kwa sheria ya yadi, ikaingia kwenye kisanduku cha dashibodi na kufungwa, isitoke mpaka mtoto wa mwisho ashuke. Ingekuwa saa sita na nusu.

Saa tano na dakika thelathini majina ya St. Louis yakatoka. Rourke hakuwemo. Mahali pake alikuwa msaidizi wake, kijana anayeitwa Pickett.

Marlys aliitazama simu. Mtu asiyecheza hukupa sifuri, na sifuri ya mdakaji kwa kikosi cha Vernon ilikuwa kama kukimbia na kiatu kimoja. Njia ya kumi na nne ilikuwa mikononi mwake. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu na kula keki, jambo ambalo hata Vernon mwenyewe alikuwa amemwambia afanye.

Alikaa. Alikula kipande. Nje, kupitia dirishani, aliliona basi lake juu ya jeki, magurudumu yananing’inia, na mahali pa namba tisa palikuwa patupu.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili akainuka, akaenda kwenye meza ya Jolene, akashika kipaza sauti cha redio ya mabasi.

“Hiyo ni ya kazi,” Jolene akasema.

“Hii ni kazi.” Akabonyeza. “Yadi kwa tisa.”

“Tisa hapa,” sauti ya Vernon ikaja, na nyuma yake kelele kama za kuku mia moja.

“Ni Marlys. Umesimama?”

“Nimesimama kwenye reli. Treni ya mahindi. Tumehesabu behewa la sitini na mbili. Kuna nini?”

“Rourke hachezi. Wamempumzisha.”

Kelele za kuku zikaendelea.

“Unanitania.”

“Jana wamecheza karibu saa tano, Vernon. Hakuna mdakaji anayecheza mchana baada ya usiku kama huo. Hata mtoto anajua.”

“Ninao watoto ishirini na moja hapa na hakuna aliyeniambia.” Akavuta pumzi. “Sasa? Simu imefungiwa.”

“Nipe neno lako la siri, nikubadilishie.”

“Pickles, P kubwa, halafu elfu moja mia tisa themanini na saba.”

Redio ikakwaruza, na sauti ya dereva mwingine, kutoka pembe nyingine ya kaunti, ikaingia: “Asante, Vernon. Na mimi nimeandika.”

“Nunueni mtakacho, akaunti ya benki ni kavu kama jangwa,” Vernon akajibu. “Marlys, upo?”

“Nipo. Nimweke nani?”

“Yeyote. Wewe ndiye unayewajua hawa watu.” Kisha: “Treni imeisha. Tisa naondoka.”

Basi mwone sasa amekaa, simu yake kwenye paja, amefungua kikosi cha mwenzake. Hajawahi kukiona kutoka ndani. Ni kama kuingia jikoni kwa jirani asipokuwepo. Alimwondoa Rourke, na dola elfu tano na mia sita zikarudi. Kwa hela hizo angeweza kumnunua mdakaji yeyote katika ligi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Montaño. Kidole chenyewe kilikwenda. Elfu tano na mia moja, anaingia, na chenji inabaki. Alifungua picha ya uwanja wa Chicago, bendera zote juu ya ukuta zilikuwa zimenyooka kuelekea nje kama mikono inayoonyesha njia. Kama ungemwamsha Marlys Brandvold usingizini ukamuuliza mdakaji wa kumchukua siku ile ni yupi, angetaja jina hilo kabla ya kufumbua macho.

Dakika saba. Akawaza kifungua kinywa. Akamwona Duane akisogeza kiti cha pili.

Halafu wazo likamjia, nalo lilikuja limevaa nguo za heshima. Mweke Dellinger. Dellinger ni wako. Wewe unaye, na yeye awe naye. Atakachopata Dellinger mtakipata wote wawili sawasawa, kwa hiyo kwa upande wa mdakaji hakuna aliyemzidi mwenzake, na waliobaki tisa kwa tisa ndio watakaoamua. Kuna haki gani zaidi ya hiyo? Na zaidi ya yote, unampa kile kile ulichojipa mwenyewe.

Dakika nne. Dakika tatu.

Akabonyeza. Akainuka, akafuta Rourke ubaoni, akaandika Dellinger.

Jolene akatazama. “Huyo si wako?”

“Ni wangu.”

“Basi mmegawana sahani moja,” Jolene akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Mchana Marlys aliendesha njia yake ya mjini, basi namba sita likiwa limeshushwa na oili mpya, na hakujua lolote mpaka saa kumi na nusu aliporudi yadi. Vernon alikuwa mbele ya ubao, kofia kaisukuma nyuma, na Jolene kashika kalamu. Marlys pointi mia moja na kumi na nane. Vernon mia moja na kumi na tano.

“Pointi tatu,” Vernon akasema. “Nimefiwa kwa pointi tatu.” Akamnyoshea mkono, kisha akaona mkono hautoshi, akamkumbatia mpaka miguu ikataka kuacha sakafu. “Hongera, mama. Ukiona samaki wananisalimia kwenye lile bwawa, wasalimie pia.”

Marlys alicheka, akashukuru. Ila alikuwa ameshaona kwenye simu yake, akiwa bado kwenye ngazi za basi. Dellinger alikuwa na pointi tano. Montaño alikuwa na ishirini na moja. Mpira mmoja aliupiga ukavuka ukuta, ukavuka na barabara.

Nyumbani alimweleza Duane kila kitu wakati wa chakula, viazi vikipoa. Duane alisikiliza kama anavyosikiliza mechi, macho kwenye meza.

“Alikuambia mweke yeyote,” akasema mwishowe.

“Ndiyo.”

“Dellinger ni yeyote.”

“Duane.”

“Nasema tu.” Akasukuma sahani ya siagi upande wake. “Kwani ulitaka kunywa kahawa na mimi kiasi hicho?”

Duane hakurudia swali, lakini masikio yake yalikuwa mekundu na aliomba viazi zaidi, jambo ambalo hulifanya akiwa na furaha.

Kesho yake asubuhi alimkuta Vernon anakagua taa za tisa. Akamwambia yote, wima, bila kupamba. Kwamba aliyemwamini ni Montaño. Kwamba kidole kilikuwa juu yake. Kwamba alikirudisha. Kwamba kama anataka, waende kwa Jolene sasa hivi wakachane ile karatasi.

Vernon alipiga chafya, akafuta masharubu.

“Mimi unajua ningemweka nani? Pickett. Msaidizi wa Rourke. Kwa uvivu tu, kwa sababu jina lake lingekuwa palepale karibu. Pickett kapata ngapi?”

“Sifuri.”

“Basi umenipa pointi tano za bure, na sasa unaniomba msamaha. Wanawake wa nchi hii mna matatizo.”

“Vernon, ningeweza kukaa kimya.”

“Najua. Ningekuwa mimi, ningekaa kimya mpaka leo.” Akaendelea na taa zake, ya kushoto, ya kulia. Kisha, akiwa amempa mgongo: “Lakini Montaño alikuwa anaingia kwenye zile hela?”

“Alikuwa anaingia. Na mia tano zinabaki.”

“Haya,” Vernon akasema. Akazima taa. “Haya. Jolene keshaandika kwa wino. Ile keki ya rubabu imebaki?”

Ilikuwa imebaki. Wakala.

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Agosti, basi namba sita lilianza kulala chini ya mwerezi kando ya nyumba ya Marlys, na mpaka leo linalala hapo. Watoto kumi na tisa wanasema asante. Saa mbili na dakika kumi anazima injini, na Duane, ambaye hulisikia basi likiwa bado kwenye daraja, anakuwa ameshapasua mayai. Mechi za mchana zikiwepo redio inawashwa mapema, bahasha inakaa katikati ya meza, na wanabishana juu ya nyonga na vifundo vya watu wasiowajua kama vile ni wajomba zao. Vernon huja Jumamosi na fimbo yake, anapaki uani kwao, anavua bwawani mpaka jua linapokuwa kali, anakula kwao. Bado anapanga majina makubwa. Tofauti ni moja: siku za mechi za mchana hupiga simu kabla ya saa tano kuuliza wadakaji, na Marlys humtajia aliye bora, yule yule ambaye angemweka yeye mwenyewe, hata kama yeye hela hazijamtosha. Ameshashindwa naye mara mbili hivyo.

Ni mtu mwenye furaha, Marlys, usinielewe vibaya. Ukimwona asubuhi akishuka kwenye basi na kuvuka uani, hutadhani ana swali lolote kichwani. Lakini siku moja moja, akisubiri treni ya mahindi ipite pale relini na watoto wakihesabu mabehewa, huwa anakihesabu tena kile kitendo chake. Alimwokoa mwenzake na sifuri, hilo ni kweli. Alimpa kile alichojipa mwenyewe, hilo pia ni kweli. Na alijua nani alikuwa bora. Kuna wakati anajiona alikuwa mwungwana kupita kiasi, na kuna wakati anajiona aliipata njia ile kwa mlango wa nyuma, na treni huisha kabla hajaamua.

Amewauliza watu wengi, nami ameniuliza. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mwenzako yuko barabarani kwa zamu yako, kakukabidhi neno lake la siri, kasema mweke yeyote, dakika tatu zimebaki na unachokitamani kuliko vyote kiko upande wa pili wa kidole chako: ungemwekea nani?